Kuku Hajui Kwaresima

Ijumaa Kuu, jikoni kwa bibi Lejna,
kijiji cha Lusatia ambacho treni hukipita bila kusimama.
Nta inayeyuka kwenye kijiko kilichopindwa,
kalamu ni unyoya wa bata bukini uliokatwa ncha.
Bibi anachovya, anagusa yai, anachovya, anagusa,
na pembetatu ndogo ndogo zinaota juu ya ganda.
Meno ya mbwa mwitu, ndivyo wanavyoziita hapa.
Mimi nimekatazwa kuitikisa meza.

Mwalimu Mato, mstaafu, ndiye aliyeanza.
"Haya si ya Kanisa," alisema. "Yalikuwapo kabla.
Palikuwa na mungu wa kike wa mapambazuko,
na baridi ikiisha watu wakimpelekea mayai."
Dada yangu Wórša, aliyerudi juzi kutoka chuoni
na begi la nguo chafu na karatasi za maktaba,
akamuuliza, "Nani alimwona?"
"Imeandikwa."
"Imeandikwa mara moja, Mwalimu.
Mtawa mmoja, ng'ambo ya bahari, maneno machache,
tena akisimulia ya mababu zake.
Sanamu yake iko wapi? Hekalu je?
Na habari ya mayai hakuitaja kabisa.
Hayo mayai umemtagia wewe."

Mwalimu akanywa kahawa yake kwa kishindo.

Mchungaji Hendrich, aliyepitia kuazima ngazi,
akaona aitetee dini:
yai ni kaburi, alisema, ganda ni lile jiwe,
na kifaranga kinapo—
"Haya nimeyachemsha, Mchungaji," bibi alimkata.
"Humu hatoki mtu."

Ndipo Wórša akatoa ya kwake.
Zamani mfungo ulikataza nyama, maziwa,
hata mayai.
Lakini kuku hajui Kwaresima.
Watu wamefunga, yeye anataga.
Kapu limejaa, anataga. Ghala la chini limejaa, anataga.
Wanayachemsha yasioze, wanayapaka rangi yasichanganyike,
na Pasaka ikibisha hodi
nyumba ina mayai mengi kuliko midomo.

"Ndiyo yote?" Mwalimu aliuliza,
kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.
"Hesabu ya kuku?"
"Huenda," alisema Wórša, sauti imeshuka.
"Na sungura?" niliuliza mimi.
"Wa sungura simjui. Usiniulize wa sungura."

Tukamgeukia bibi.
Hakuinua macho.
"Mama alinionyesha mimi, mama yake alimwonyesha yeye.
Huko nyuma zaidi ni giza,
na mimi nimebakiwa na mayai kumi na tisa."

Jumapili, jua halijatoka, alitugusa mabega.
Maji ya Pasaka huchotwa kijitoni kwa kimya.
Ukitamka neno moja tu njiani
yanageuka maji ya porojo, hayafai hata kuoshea kikombe.
Wórša alikuwa na hoja dhidi ya hilo pia,
nilimsikia akiipanga usiku.
Alibeba jagi, akaifumba midomo.

Darajani tulimkuta Mwalimu Mato
na chupa iliyokuwa ya siki.
Kila mwaka alikuja mkewe.
Mwaka huu mkewe hainuki kitandani,
na maji haya, wanasema, huponya macho.
Wanasema.
Mikono yake ilitetemeka, mdomo wa chupa ukawa unaukwepa mkondo.
Dada yangu akapiga magoti kwenye matope
na sketi yake ya chuo,
akaishika ile chupa shingoni
mpaka ikajaa.

Walitazamana.
Nilijua ana swali, nami nilikuwa nalo,
lile lile la yai, la nani alitangulia.
Nikauma ulimi hadi nikaonja chumvi.
Mwalimu alivua kofia, akaondoka polepole,
chupa ameikumbatia ndani ya koti.

Nyumbani, bibi aliweka jagi mezani,
akatuosha macho kwa kiganja, baridi kama chuma,
kisha akanusa hewa,
na neno la kwanza la Pasaka ile likawa:
"Nani kaacha nta jikoni?"